WAIMBAJI WAPO ELDORET, KILICHOPUNGUA NI UAMINIFU



Neno la leo: 1 Samweli 16:14-23 na Nehemia 13:10-13. Fungua Biblia yako kabla hujaendelea.

Ujumbe huu ni wa maprodyuza wa muziki wa injili hapa Eldoret. Ni wa waimbaji pia, na wa wachungaji wenzangu, na wa wewe ambaye huwa unabonyeza moyo halafu unapita. Leo usipite. Soma mpaka mwisho, kisha uniambie kama nimesema uongo.

Kuna malalamiko ambayo yamekuwa kama kiitikio katika mji huu. Kijana ana kompyuta, ana kinanda, ana maiki nzuri, amekesha akijifunza kupanga biti. Ukimuuliza kazi inaendaje, anakujibu, "Pasta, biti ziko, waimbaji ndio hakuna. Eldoret haina sauti. Nikipata nauli nitaenda kutafuta Nairobi."

Nalikataa neno hilo. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na katika jiji hili huwezi kutembea dakika kumi bila kupita kanisa. Toka Langas uende Kimumu, toka Huruma uende Kapsoya, toka Maili Nne uende Munyaka, kila kanisa lina kwaya au timu ya sifa, na katika kila kwaya kuna angalau mtu mmoja ambaye akifungua kinywa watoto wanaacha kucheza. Ongeza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses na wa Chuo Kikuu cha Eldoret kule Chepkoilel. Ongeza wale akina mama wanaoimba matangani usiku kucha bila kinanda, na alfajiri ikifika bado wako kwenye ufunguo uleule walioanza nao. Ukisema mji huu hauna waimbaji, hujatuambia habari za mji. Umetuambia habari za mahali unapotafutia.

TAZAMA SAULI ALIVYOTAFUTA

Sauli alipokuwa anasumbuliwa na roho mbaya, watumishi wake walimshauri atafutiwe mtu hodari wa kupiga kinubi. Huyu ni mfalme. Angeweza kupiga mbiu nchi nzima, vijana wakapanga foleni mlangoni. Lakini soma vizuri. Kijana mmoja kati ya watumishi wake alisema kwamba amemwona mwana wa Yese wa Bethlehemu. Amemwona kwa macho yake. Hakusema ana wafuasi wangapi. Alianza na ujuzi wa kupiga kinubi, akaendelea na ushujaa, akataja busara ya maneno, akataja umbo, akamalizia kwa kusema Bwana yu pamoja naye. Ujuzi ulitajwa kwanza, lakini haukutajwa peke yake.

Tena angalia Daudi alikuwa wapi. Alikuwa machungani na kondoo. Sauti iliyohitajika ikulu ilikuwa inapiga kinubi mahali penye harufu ya mifugo, na hapakuwa na mtu wa kuirekodi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita. Sauli alituma wajumbe kwa Yese. Mfalme alimwomba baba mtu! Na alipotaka Daudi akae naye zaidi, mstari wa 22 unaonyesha alituma ujumbe kwa Yese mara ya pili. Huyu ni Sauli, ambaye baadaye alimrushia Daudi mkuki. Hata yeye aliijua adabu hiyo. Sasa wewe prodyuza uliyeokoka unamwita binti wa watu studio kwa ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku, mzazi hajui, kiongozi wa kwaya hajui, halafu unashangaa kwa nini watu wa Eldoret hawakuamini na watoto wao?

UNATAFUTA SAUTI AU UNATAFUTA UMATI?

Nitasema waziwazi. Wengi wenu hamtafuti mwimbaji. Mnatafuta mtu ambaye tayari ana umati, ili umati wake uwe wenu. Mnafungua simu, mnaangalia idadi ya wafuasi, na mwenye idadi ndogo mnampita kabla hamjasikia hata noti moja. Aliye na idadi kubwa naye hawajibu, kwa sababu ameshapata watu wa kufanya naye kazi. Hapo ndipo mnaposema hakuna waimbaji.

Sisi watu wa Uasin Gishu tunapaswa kuwa wa mwisho kufanya kosa hilo, kwa sababu tunajua jinsi mkimbiaji anavyopatikana. Bruda Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya St. Patrick's. Hakungoja mabingwa wamjie na medali shingoni. Aliwatazama wanafunzi waliokuwa mbele yake, akakaa nao, akawafundisha. Kutoka shule hiyo alitokea Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1500 kule Seoul mwaka 1988. Miaka mingi baadaye mwalimu huyohuyo ndiye aliyekuwa akimfundisha David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012, dakika 1 na sekunde 40.91. Mabingwa walipatikana kwenye barabara za vumbi, na aliyewapata alikuwa na subira ya kuangalia miguu kabla haijawa maarufu.

Prodyuza, wewe ni lini umeketi nyuma ya kanisa Jumamosi saa tisa, kwaya ikifanya mazoezi, ukasikiliza tu? Ukamsikiliza yule dada wa sauti ya pili ambaye hapewi solo kamwe, lakini akikosekana wimbo wote unayumba? Ukamsikiliza yule kijana wa boda boda anayeshika sauti ya nne kama ukuta? Kama hujafanya hivyo, huna haki ya kusema umetafuta.

KWA NINI WALE WALIOPO WANAJIFICHA

Sasa twende kwa jambo lenyewe. Nasema waimbaji wapo, lakini nakubali kwamba wengi hawataki kuja studio. Swali ni kwa nini.

Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta nyumba ya Mungu haina waimbaji. Angeweza kusema kizazi hiki hakina vipawa. Hakusema hivyo. Alichunguza, akagundua kwamba Walawi na waimbaji walikuwa hawajapewa sehemu zao, basi kila mtu alikimbilia shambani kwake. Hawakuwa wamepoteza sauti. Walikuwa wanalima! Je, hili halikuingii, wewe mtu wa North Rift, nchi ya mahindi na ngano? Waimbaji wetu wako shambani, wako sokoni, wako kwenye boda boda, kwa sababu mara ya mwisho walipoimba mtu mwingine alikula.

Nipe nafasi nikuambie kisa kimoja. Jina la dada huyu sitalitaja, na studio sitaitaja. Aliitwa kurekodi. Aliimba sauti ya kuongoza na maitikio yote, akaanza jioni akamaliza karibu alfajiri. Maneno ya beti mbili yalikuwa yake, aliyatunga mwenyewe alipokuwa akipitia msiba. Alipewa soda na nauli, akaambiwa Mungu atamlipa. Miezi ikapita. Siku moja amepanda matatu ya kwenda Kapsabet, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika. Akauliza ni wimbo wa nani, akatajiwa jina la mtu mwingine. Aliporudi studio kuuliza, jibu lilikuwa fupi: "Si ulikuja kuhudumu?"

Dada huyo leo anauza mboga. Jumapili anakaa kiti cha nyuma, na ukimpelekea maiki anatikisa kichwa. Nimeomba naye, nimelia naye, na bado hajaimba. Na prodyuza mwingine, kijana mwaminifu kabisa, anapita palepale kwenye meza yake akinunua sukuma wiki, huku moyoni akisema Eldoret haina waimbaji. Mwizi mmoja amefunga milango ya watu kumi wasio wezi. Hiyo ndiyo gharama. Anayeibiwa sauti haibiwi peke yake. Mji mzima unanyamaza.

Yakobo 5:4 inasema habari ya ujira uliozuiliwa, kwamba una sauti na unalia, na kilio hicho kinafika masikioni mwa Bwana. Basi fikiria ujira uliozuiliwa wa mtu ambaye kazi yake ilikuwa sauti. Wimbo unapigwa redioni unasema Mungu ni mwema, na chini yake kuna kilio ambacho Mungu anakisikia vizuri kuliko kinanda chako.

SHERIA YA NCHI INAJUA KULIKO UNAVYOFIKIRI

Ndugu mwimbaji, na wewe ndugu prodyuza, jifunzeni jambo hili. Katika wimbo mmoja uliorekodiwa kuna haki zaidi ya moja. Kuna haki ya aliyetunga maneno na sauti ya wimbo. Kuna haki ya aliyeimba au kupiga ala. Kuna haki ya mwenye ile rekodi. Ndiyo maana hapa Kenya kulianzishwa MCSK kwa ajili ya watunzi, PRISK kwa ajili ya wanaoimba na kupiga ala, na KAMP kwa ajili ya wenye rekodi. Mtu mmoja anaweza kuwa na haki zote tatu kama alifanya yote. Lakini kumiliki maiki hakukufanyi kuwa mtunzi wa maneno yaliyoimbwa mbele yake.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka mtu anapohamisha haki yake kwa mwingine ihamishwe kwa maandishi. Kwa hiyo ule usemi wa "tulielewana tu" hauhamishi chochote. Na haki ya mtunzi haiishi wimbo unapozoeleka. Inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Dada yule wa mboga akiitwa na Bwana leo, watoto wake bado wana kitu mle ndani.

Tena mwaka 2022 sheria hiyo ilirekebishwa, ikasemwa kwamba katika mapato ya miito ya simu, kama ile ya Skiza, msanii au mwenye hakimiliki asipate chini ya asilimia 52. Tulishangilia. Lakini nakuuliza, asilimia 52 itamfikia nani ikiwa wimbo umesajiliwa kwa jina la mwenye kompyuta peke yake? Bunge linaweza kupigania fungu la msanii, lakini haliwezi kujua msanii ni nani kama wewe umemfuta kwenye karatasi.

WALE WASICHANA WA KAPKATET

Hili halijaanza na kompyuta. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja aliyeishi Afrika Kusini, Hugh Tracey, alizunguka na mitambo yake ya kurekodi akafika Kapkatet, kwa ndugu zetu Wakipsigis. Huko alirekodi wasichana wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika vijijini. Rekodi ile ilisafiri, ikahifadhiwa kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey kule Afrika Kusini, ikasikilizwa na watu wa mbali ambao hawajui hata Kapkatet iko upande gani wa Kenya.

Kumbukumbu za rekodi zinamtaja kiongozi wa wimbo, Chemutoi Ketienya. Wenzake je? Wanaitwa wasichana. Basi. Ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo maktaba hiyo, pamoja na watu wa Ketebul Music wa Nairobi na wenzao, walipozirudisha rekodi zile kwa jamii ilikotoka. Mabinti wa mwaka 1950 waliojaliwa kuwa hai walikuwa wameshakuwa mabibi.

Simhukumu Tracey, na tunashukuru kwamba sauti zile hazikupotea. Ninachokuuliza ni hiki. Yeye alikuwa mgeni, alipita njia, hakuijua lugha. Wewe unaishi Pioneer, unasali na hawa watu, unawaita dada na ndugu, na bado kwenye wimbo wako umeandika jina lako kwa herufi kubwa na chini yake "kwaya". Kwaya gani? Hao watu hawana majina?

Mungu wetu huandika majina. Fungua 1 Mambo ya Nyakati 25, ile sura mnayoiruka kwa sababu ni ya orodha. Waimbaji waliofundishwa kumwimbia Bwana walikuwa 288, wakagawanywa mafungu 24 ya watu kumi na wawili. Viongozi wa yale mafungu yote wametajwa kwa majina, fungu kwa fungu. Na kura zilipigwa sawasawa, mdogo kama mkubwa, mwalimu kama mwanafunzi. Roho Mtakatifu hakuona ni kupoteza wino. Wewe unaona ni kupoteza nafasi kwenye maelezo ya video?

"LAKINI PASTA, HII NI HUDUMA"

Najua utaniandikia hivyo hapa chini. Utasema tusilete mambo ya pesa katika kazi ya Mungu. Sawa. Basi iwe huduma kwa wote. Biti iwe bure, masaa ya studio yawe bure, mapato ya YouTube yaende kwa wajane, na jina lako lisionekane popote. Ukikubali hayo, nitakuja mwenyewe kukuombea na kukuita mtumishi wa kweli. Lakini isiwe huduma kwa anayeimba na biashara kwa anayerekodi. Neno "huduma" halikutolewa na Mungu liwe pazia la kumfichia mtu ujira wake. Paulo alimwandikia Timotheo habari ya ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Sisi tumepata namna mpya: tunamwomba ng'ombe aimbe, halafu ndipo tunamfunga.

Mwingine atasema, "Pasta, mimi sina pesa za kulipa." Nakuelewa, vijana wengi mnaanza bila kitu. Lakini kukosa pesa hakukuzuii kuwa mkweli. Mwambie mwimbaji kabla hajatoka nyumbani: sina cha kukupa leo, ila wimbo ukileta chochote tutagawana hivi na hivi, na haya hapa maandishi. Atakayekubali amekubali kwa macho yaliyo wazi. Kule barabarani kwenye marathoni kila mtu hapa Eldoret anajua kwamba yule anayewekwa kuongoza kasi ana mkataba wake. Anajua atakimbia kilomita ngapi na atapata nini, hata kama atatoka njiani na mwingine akakata utepe. Hakuna anayemwambia asante kwa kuhudumu, nenda nyumbani. Ikiwa kwenye riadha tunaweza kumheshimu mtu ambaye jina lake halitasomwa ushindini, kanisani tunashindwaje?

WACHUNGAJI NA WAIMBAJI, NANYI MNISIKIE

Wachungaji wenzangu, tusijifiche nyuma ya makosa ya maprodyuza. Wako kati yetu wanaoishika timu ya sifa kama ng'ombe wa zizi. Kijana akiomba ruhusa ya kwenda kurekodi kanisa jingine, anaitwa muasi. Akirekodi, anaambiwa wimbo ni wa kanisa, hata kama aliutunga akiwa chumbani kwake amefunga siku tatu. Huko pia ni kula jasho la mtu. Kuchunga ni kuuliza anaenda wapi, na nani, atarudi saa ngapi, na karatasi iko wapi. Kuchunga si kumfungia. Yese alimwachilia Daudi, tena alimpakia mikate, kiriba cha divai na mwana-mbuzi.

Na wewe mwimbaji, usikae hapo ukisema Amina kwa sababu nawagonga wengine. Unaitwa saa tatu, unafika saa saba. Hujajifunza wimbo, unakuja kuusoma kwenye simu mbele ya maiki. Ukishajulikana kidogo unataka ubembelezwe. Kuna maprodyuza waaminifu katika mji huu waliogharamika kwa ajili yenu mkawaacha na wimbo nusu. Uaminifu ninaouhubiri una pande mbili. Anayedai haki yake na aitimize zamu yake.

FANYA HIVI

Prodyuza, sikuachi na kemeo tupu. Chukua haya, uyafanyie kazi mwezi huu.

1. Chagua makanisa matatu, nenda kwenye mazoezi, usibebe hata kamera. Jitambulishe kwa kiongozi wa kwaya na kwa mchungaji. Mara ya kwanza sikiliza tu. Toka nje ya kanisa lako na nje ya lugha yako pia. Mji huu unakumbuka Januari 2008. Wimbo mmoja ambao Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu na Mturkana wameuimba kwenye maiki moja unahubiri kabla hata maneno hayajasikika. Na usidharau lugha ya nyumbani. Emmy Kosgei alimwimbia Mungu kwa Kikalenjin, na nyimbo zake zikavuka mipaka ya Kenya.

2. Uliza watu kama yule kijana wa Sauli, watu ambao wameona. Mwalimu wa kwaya anajua nani anashika noti na nani anashangiliwa tu. Muulize pia habari za tabia.

3. Jaribu sauti bila ala kwanza. Mpe noti, nyamaza, usikilize kama atabaki palepale mpaka mwisho wa ubeti. Kisha mvalishe hedifoni, kwa sababu wako wanaotikisa krusedi lakini wakijisikia masikioni wanapotea, na wako wapole ambao kwenye maiki ya karibu wanageuka dhahabu. Sikiliza anavyovuta pumzi. Mwambie aimbe mstari uleule mara tatu, uone kama anaweza kuurudia.

4. Anza na wimbo mmoja. Usimfunge mtu mkataba wa miaka wakati hujamjua hata ratiba yake.

5. Andikeni kabla ya kurekodi. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili anachokielewa. Jina la wimbo, tarehe, nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, nani amepanga biti, nani ameongoza, nani wameitikia, kila mmoja asilimia ngapi, na jumla iwe 100. Majina kamili, nambari za kitambulisho, sahihi, na shahidi. Akiwa chini ya miaka 18, mzazi awepo na atie sahihi. Kila mtu aondoke na nakala. Kisha kazi isajiliwe KECOBO kwa majina yaleyale, usibadilishe njiani.

6. Rekodi mchana, mlango ukiwa wazi, na asije peke yake. Sihitaji kueleza zaidi. Mnajua.

Tazama Nehemia alivyomaliza jambo lake. Aliwakemea wakuu, akawakusanya waimbaji akawarudisha mahali pao, halafu akaweka watunza hazina waliohesabiwa kuwa waaminifu wa kugawa. Na kati yao alikuwemo Sadoki, mwandishi. Umeona? Uamsho wa sifa Yerusalemu ulihitaji mtu wa kalamu. Hawakurudi kwa sababu walihubiriwa kuhusu kujitoa. Walirudi kwa sababu palikuwa na mgao na palikuwa na mtu wa kuuandika.

Kwa hiyo usiseme tena Eldoret haina waimbaji. Sema, sijaenda waliko. Sema, wameumizwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwatendea haki. Prodyuza mmoja akijulikana katika mji huu kwamba kwake hakuna anayetoka analia, nakuhakikishia hatatafuta waimbaji. Watamtafuta yeye, na wachungaji watawasindikiza mpaka mlangoni.

Kama unamjua mtu ambaye sauti yake ilitumika na jina lake likafutwa, usimtumie ujumbe huu halafu ukakaa kimya. Nenda umwone wiki hii. Kaa naye. Na kama wewe ndiwe uliyemfuta, fedha yake unayo na namba yake unayo. Zakayo hakungoja mkutano wa maombi, aliahidi kurudisha siku ileile, tena mara nne.

Baba katika jina la Yesu, warudishe waimbaji wako kutoka mashambani walikokimbilia. Waponye waliodhulumiwa. Uwape maprodyuza wa Eldoret masikio ya kusikia sauti iliyofichika na mikono isiyoshika cha mwenzao. Utuinulie akina Sadoki. Amina.

Kama uko tayari, andika hapa chini jina la mwimbaji mmoja wa kanisani kwenu ambaye hajawahi kupewa nafasi, kwa ruhusa yake. Wewe prodyuza, usisome majina hayo ukapita. Chukua kalamu.

Tuonane kwenye ibada ya Jumapili, na waitikiaji wakae mbele.